Gari Likilala, Nani Anaumia?

Haya ndiyo niliyozungumza Jumapili mbele ya madereva, utingo na familia zao hapa Nala, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Wengi mlikuwa njiani. Wengine mlinipigia mkiwa kwenye foleni mpakani Rusumo, wengine mkiwa Kahama mnashusha. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema ili nanyi myapate.

Mbukwenyi!

Mbukwenyi wenyeji, na wageni mliotoka Manyoni, Singida na Morogoro, karibuni sana. Mama zetu mliokuja na watoto, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu. Jambo la leo linaanzia barabarani lakini linaishia jikoni kwenu, kwa hiyo mna haki ya kulisikia kwa masikio yenu.

Kabla sijaenda mbali naomba niulize, mnijibu kwa mikono. Nani hapa, katika miezi mitatu iliyopita, gari lake limelala yadi zaidi ya wiki moja na halikuwa bovu? Lina mafuta, lina matairi, lina bima, dereva yupo, lakini limelala?

Asanteni, shusheni. Mikono ni mingi kuliko nilivyotaka iwe.

Swali mlilonituma nilijibu ni hili: kampuni ikianza kuwapa madereva baadhi ya magari kwa mkataba, sisi tunaobaki kuwa madereva wa kampuni, mileji yetu, ile posho ya safari, itapungua? Wapo wanaosema itapungua. Wapo wanaosema hiyo ni wivu tu. Mimi nimekaa pande zote mbili za jambo hili, kwenye usukani miaka mingi na kwenye meza ya kupanga mizigo miaka mitatu, na nitawaambia nilichokiona.

Kwanza tuelewane tunachokisema. Mkataba wa gari kubwa ni binamu wa mkataba wa bodaboda, ambao kila kijana hapa anaujua. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anaendesha, kila siku anapeleka kiasi walichokubaliana, na ukifika mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Kwenye semi ni hivyo hivyo, ila maumivu yake ni makubwa zaidi. Dereva anapewa kichwa na tela, analipa rejesho kila wiki au kila mwezi, na mafuta, sevisi na matairi ni juu yake. Matairi 22, ndugu zangu, ukiacha spea. Lakini mzigo hautafuti yeye. Mzigo unatoka kwenye kampuni ileile, kwenye meza ileile, kwa kalamu ileile inayoandika jina lako wewe dereva wa kampuni. Hapo ndipo mambo yanapokutana.

Na mileji tunaijua. Mshahara unalipa kodi ya nyumba. Mileji ndiyo inayosomesha watoto. Gari lisipotembea, mshahara unaweza kuja, mileji haiji.

Mwaka 2014 nilikuwa dereva wa kampuni moja, sitaitaja. Tulikuwa tunapandisha mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Kahama, na yadi ilikuwa hapa Dodoma, upande wa Kizota. Nilizoea tripu tatu kwa mwezi. Nina tabia moja niliyoirithi kwa baba: naandika. Kila safari mstari mmoja kwenye daftari, siku niliyopakia, mzigo, siku niliyoshusha, posho niliyopewa. Mwaka ule kampuni ikatoa magari kadhaa kwa mkataba. Wenzetu waliochukua tuliwapongeza, tulikunywa nao soda. Mwezi uliofuata nikapata tripu mbili. Uliofuata, moja.

Gari langu lililala siku 11. Najua ni 11 kwa sababu kuku wa mlinzi alianza kutaga chini ya tela langu, kwenye gunia lililoangukia kando ya tairi la ndani, na kila asubuhi nikija kuuliza kama kuna mzigo nilikuwa nachungulia. Siku naondoka alikuwa na mayai manane, na mlinzi aliniomba nisirudi nyuma mpaka ayaondoe. Nilisimama pale namwangalia anayabeba kwenye kofia, moja moja, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Kuku amepata makazi kwa sababu mimi nasugua benchi.

Mizigo ilikuwa imepungua? Hapana. Hebu tupige hesabu, na hizi ni namba zangu za mfano tu, si za kampuni yoyote. Kampuni ina magari 20 na mizigo 50 kwa mwezi. Kila gari lina tripu mbili na nusu. Magari 6 yakaingia mkataba, kila moja likawa linapewa tripu nne. Sita mara nne ni 24. Zimebaki tripu 26 kwa magari 14. Haifiki hata mbili kwa gari. Wateja ni walewale, mizigo ni ileile, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni nani anaanza kupakia.

Sasa kwa nini yeye aanze? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hii sehemu inanihusu mimi mwenyewe.

Baada ya mgongo kunisumbua nilihamishiwa ofisini, oparesheni, kwenye kampuni nyingine. Nilikuwa na kaunta buku kubwa yenye mistari ya buluu, magari yamepangwa kwa zamu. Jioni moja, nadhani ilikuwa Jumatano, ukaja mzigo mmoja wa mbolea. Mmoja tu. Aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu alikuwa dereva wa kampuni, mtu mzima, ameshakaa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Wa pili alikuwa kijana wa mkataba. Nikampigia bosi kumpa taarifa kwamba naandika jina la mzee. Bosi akaniambia, mpe wa mkataba, rejesho la mwisho wa wiki liingie.

Nikamwandika kijana. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, akaniona nafunga daftari, akauliza, "Mwanangu, bado?" Nikamjibu, "Bado, mzee wangu, labda kesho." Lile neno "kesho" nimelibeba mpaka leo. Yule mzee, kama uko hai na habari hizi zitakufikia, nisamehe.

Je, bosi alikuwa mtu mbaya? Hapana, alikuwa anapiga hesabu. Gari la kampuni likilala, hasara yake siku hiyo haionekani. Gari la mkataba likilala, rejesho linachelewa, na hilo linaonekana Jumamosi kwenye benki. Binadamu hukimbilia kuziba tundu analoliona.

Lakini msiondoke hapa mkisema siku zote wa mkataba ndiye anayependelewa. Ningekuwa nawadanganya. Nimeona kampuni nyingine ambako ilikuwa kinyume kabisa. Tajiri yule alikuwa amekopa benki kununua magari mapya, na madereva wake walikuwa wa mshahara. Magari ya zamani ndiyo aliyoyatoa kwa mkataba, na masharti yalisema rejesho ni lazima, mzigo uwepo usiwepo. Umeelewa hapo? Gari la mkataba likilala, yeye tajiri hapotezi kitu, deni linaendelea kuhesabika kwa dereva. Gari jipya likilala, benki inamgongea mlango. Basi pale waliosugua benchi walikuwa watu wa mkataba, na madereva wa kampuni walikuwa hawapumui.

Kwa hiyo ukitaka kujua mileji yako itakwenda wapi, usiulize mkataba ni mzuri au ni mbaya. Uliza: gari likilala, nani anaumia? Likilala la mkataba, nani anaumia? Likilala langu, nani anaumia? Mzigo utamfuata yule ambaye kulala kwa gari lake kunamuuma mwenye kalamu.

Na kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni upesi. Mtu akiweza kuutupa mzigo wa hasara kwa mwingine, haogopi tena kuwa na magari mengi. Tajiri mwenye magari 20 ya kwake anafikiri mara tatu kabla ya kuongeza la 21, kwa sababu likilala ni lake. Lakini akijua gari la 21 mpaka la 30 yatalipiwa na madereva, kwa nini asiongeze? Mizigo bado 50. Magari 30. Hapo hata zamu ikifuatwa kwa haki, hata kama hakuna anayependelewa, kila mmoja wenu anapungukiwa. Na reli ya SGR ndiyo hiyo imeshafika Dodoma. Kadiri mizigo ya mbali itakavyopanda treni, zile safari ndefu tunazozitegemea zitagombaniwa zaidi.

Tukizungumza safari ndefu, tusihesabu tripu peke yake. Tripu na tripu hazifanani. Kutoka hapa kwenda Kibaigwa kuchukua mahindi ni kama kilomita 90. Kutoka hapa kwenda Rusumo ni kama kilomita 800. Zote kwenye daftari la ofisi zinaandikwa "tripu moja". Dereva akilalamika anaambiwa, "Mbona mwezi huu una tripu tano?" Ndiyo, tano, zote za Kibaigwa na Gairo! Kuna ofisi ambako zamu inafuatwa kabisa kwa namba, lakini ndefu zinakwenda upande mmoja na fupi upande mwingine. Pia kuna kurudi mtupu. Mizigo mingi ya ushoroba huu inapanda kutoka bandarini kwenda bara, inayoshuka ni michache, na kama posho ya kurudi mtupu ni ndogo, basi anayepewa mzigo wa kurudia ndiye aliyepata mwezi. Andikeni kilomita. Andikeni ulirudi na nini. Bila hivyo utabishana na mtu mwenye daftari wewe ukiwa na hasira tu.

Wapo hapa vijana wanaosema, basi na sisi tuchukue mkataba, tujinasue. Sikatazi. Nina jamaa yangu alichukua mkataba wa haki, rejesho linasimama gari likiwa gereji, akaumaliza, leo kadi ni ya jina lake na anaheshimika. Mwingine, rafiki yangu wa karibu, alichukua mkataba wa miezi 36. Alilipa miezi 29. Mwezi wa 30 giaboksi ikafa akiwa anapanda mlima Sekenke, ametoka Igunga usiku, amepakia. Nilikuwa nyuma yake kwa saa mbili hivi, nikamkuta. Ameweka mawe kwenye matairi, utingo kakaa kando ya barabara na tochi ya simu anaonyesha magari yapite. Yeye amelala chini ya gari, si kwamba anatengeneza, amelala tu, macho wazi. Aliniambia hajalala kitandani siku nne kwa sababu wiki ile rejesho lilikuwa limegongana na matairi mawili mapya. Akatengeneza giaboksi kwa pesa ya kukopa, akashindwa rejesho mara mbili, gari likachukuliwa. Miezi 29 ikaenda na gari. Hakuna shilingi iliyorudi, kwa sababu mkataba haukusema irudi.

Na baada ya hapo? Gari lilelile likarudi yadi, akapewa deiwaka, yaani dereva wa kibarua, na kesho yake likaingia kwenye zamu mbele ya madereva wa kampuni.

Hili si la kwetu peke yetu. Kule Marekani limewasumbua miaka mingi, na wamelichimba kuliko sisi. Dereva wa kampuni kule mara nyingi analipwa kwa maili. Sheria yao inamruhusu kuendesha saa 11 tu katika zamu, na lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo kwanza, kwa hiyo maili zake zina ukomo hata kabla mpangaji hajashika kalamu. Hapo ndipo ugomvi kati ya madereva wa kampuni na wa mkataba unapowaka, kila upande unaona mwenzake anakula maili zake. Kesi moja, New Prime dhidi ya Oliveira, ilifika mpaka Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatolewa Januari 2019. Kampuni ilitaka dereva aliyekodishiwa gari na kuitwa mtu wa kujitegemea asiende mahakamani, apelekwe kwenye usuluhishi wa faragha. Majaji wote walioisikiliza wakasema hapana: sheria ya usuluhishi inawaacha kando wafanyakazi wa usafirishaji, na haijalishi mkataba unamwita mwajiriwa au mtu wa kujitegemea. Kisha sheria yao ya miundombinu ya 2021 ikaunda kikosi kazi cha kuchunguza mikataba hii. Januari 2025 kikosi kikatoa ripoti na kupendekeza Bunge lao liipige marufuku mikataba ya kukodi mpaka kununua inayotolewa na kampuni ambazo ndizo zinazogawa mizigo. Waliona tunachokiona hapa: mtu mmoja anashika deni lako na anashika mzigo wako. Akibana mkono mmoja, wa pili unakufa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna sheria, na ni nzuri kuliko tunavyoitumia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina kifungu kinachosema lini mtu achukuliwe kuwa ni mwajiriwa, hata kama karatasi inamwita jina lingine. Kama anayekupa kazi anakuongoza namna ya kuifanya, au anakupangia saa, au anakupa vifaa, au unamtegemea yeye kwa riziki yako, au humfanyii mwingine kazi, hata kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka athibitishe vinginevyo. Sikilizeni hilo, nyinyi wa mkataba. Ni nani kati yenu anayeruhusiwa kubeba mzigo wa kampuni nyingine? Kama huruhusiwi, jiulize wewe ni nani pale. Kwa sababu mtu asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa hachangiwi NSSF na mwenye gari, na akiumia hana mfuko wa fidia unaomtambua.

Na nyinyi wa kampuni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka uwe na maelezo ya ajira yako kwa maandishi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Posho ya safari iandikwe humo, kwa kila njia. Kama kuna mgogoro, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 kwa mambo ya kuachishwa kazi na siku 60 kwa mengine. Watu wanakaa miezi saba wakinung'unika kwa mama lishe, kisha wanakuja kuniuliza wafanye nini. Mapema, ndugu zangu!

Ninachoomba tukadai si kikubwa. Sidai mikataba ivunjwe, wenzetu wana madeni mabegani na wana watoto kama sisi. Nadai ubao. Ubao mweusi wa chaki ukutani, ofisi ya oparesheni, mahali dereva anapouona bila kuomba ruhusa. Magari yote juu yake, ya kampuni na ya mkataba, kwa mpangilio wa kuingia yadi. Mbele ya kila gari, kilomita za mwezi, si idadi ya tripu. Akirukwa mtu, sababu iandikwe pale pale. Na kwenye mikataba yenyewe, rejesho lisimame siku ambazo kampuni haikutoa mzigo. Hilo la mwisho linaonekana ni la watu wa mkataba peke yao, lakini ni letu pia, kwa sababu mpangaji akijua kijana hatanyang'anywa gari kwa wiki moja ya benchi, hatakuwa na sababu ya kumruka mzee aliyeanza kufika.

Tajiri mmoja niliyezungumza naye wiki iliyopita aliniambia ubao utaleta ubishi. Nilimjibu kwa heshima kwamba ubishi upo tayari, ila unafanyika kwenye mabenchi na kwenye matanki ya mafuta. Dereva mwenye njaa ya mileji ndiye anayenyonya dizeli. Anajua, alinyamaza.

Jumatano saa tatu asubuhi tunakwenda ofisi ya kwanza, ya hapa hapa Nala, kuomba ubao huo kwa amani, tukiwa na barua. Wa kampuni wanne, wa mkataba watatu. Barua tumeandika pamoja na iko hapa mezani, pamoja na daftari langu la 2014 kwa anayetaka kuona namna ya kupiga mistari. Tuko saba. Nani wa nane?